Mzee Dundonald na Siri ya Miaka 43

Tarehe 7 Agosti 1855 Waziri Mkuu wa Uingereza, Lord Palmerston, alimwandikia Waziri wake wa Vita, Lord Panmure, barua fupi. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yamekwama mbele ya Sevastopol, bandari ya Warusi kule Crimea, tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia. Kipindupindu, baridi na kuhara vilikuwa vimeua askari wengi kuliko risasi. Shambulio la tarehe 18 Juni kwenye ngome za Malakoff na Redan lilikuwa limeshindwa vibaya, na siku kumi baadaye jenerali mkuu wa Waingereza, Lord Raglan, akafia huko huko kambini.

Mawaziri hao walikuwa na ombi la mzee wa miaka 79 aliyesema anayo njia ya kuziangusha ngome hizo kwa saa chache. Ombi lenyewe halikuwa geni. Lilikuwa limezunguka maofisini tangu mwaka 1812, na kila aliyelisoma alilirudisha kabatini. Safari hii Palmerston akakubali. Sababu alizozitoa ndizo zilizonifanya nikae kukiandika kisa hiki. Alisema hivi, kwa ufupi: mzee akikubali kwenda mwenyewe kusimamia kazi, basi tumwache ajaribu. Likifaulu, litaokoa maisha ya Waingereza na Wafaransa wengi. Likishindikana mikononi mwake, lawama haitatugusa sisi. Na tukichekwa kidogo tutavumilia, maana kicheko kikubwa kitamwangukia yeye.

Isome tena barua hiyo. Haina neno hata moja linaloonyesha kwamba Waziri Mkuu ameridhika kuwa njia ya mzee itafanya kazi. Alichoridhika nacho ni kwamba amepata mtu wa kubeba aibu.

Mzee mwenyewe ni Thomas Cochrane, Earl wa 10 wa Dundonald (Earl ni cheo cha ubwana cha kurithi), mzaliwa wa Scotland, mwaka 1775. Ukitaka kulielewa faili lake, anza na baba yake. Archibald Cochrane alikuwa bwana mkubwa mwenye ardhi pale Culross, na ugonjwa wake ulikuwa uvumbuzi. Mwaka 1781 alipata hataza ya kutoa lami kwenye makaa ya mawe, akiamini kwamba lami hiyo ikipakwa chini ya meli itazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Jeshi la majini halikuitaka. Thomas anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba mwenye karakana mmoja wa kuunda meli alimjibu waziwazi: sisi tunakula kwa kutengeneza meli zilizoharibika, kwa hiyo mdudu ndiye rafiki yetu. Mali ya ukoo ikayeyuka kwenye majaribio, na baba akafa maskini mjini Paris mwaka 1831. Mtoto alikua akijua kwamba kitu kizuri kinaweza kukataliwa na ofisi bila kosa lake. Hilo ni kweli, lakini mtu aliyelinyonya tangu utotoni hupata tabu kuamini kwamba wakati mwingine ofisi ina hoja.

Kama nahodha hakuwa na mfano. Mei 1801, akiwa na kijimeli kiitwacho Speedy chenye mizinga 14 midogo na watu 54, aliiteka manowari ya Kihispania El Gamo iliyokuwa na mizinga 32 na watu 319. Aliyefanya hilo akiwa kijana wa miaka 25 ana haki ya kutowaamini wanaosema jambo haliwezekani.

Kifaa chake cha baruti kilizaliwa pwani ya Ufaransa, mbele ya kisiwa cha Aix, Aprili 1809. Meli za kivita za Wafaransa zilikuwa zimejificha kwenye mlango wa bahari nyuma ya kizuizi cha magogo na minyororo. Cochrane akapewa kazi ya kuzichoma. Pamoja na mashua za moto za kawaida, ambazo kila jeshi la majini lilizijua, aliandaa meli za mlipuko. Ameeleza mwenyewe jinsi moja ilivyotengenezwa. Sakafu ya meli iliimarishwa kwa magogo mazito ili nguvu ya mlipuko isiende chini, iende juu. Mapipa makubwa yakasimamishwa wima, yakafungwa pamoja kwa kamba nene za nanga mpaka yakawa kama pipa moja, na nafasi zilizobaki zikashindiliwa mchanga wenye unyevu. Ndani yake ikamiminwa baruti ya mapipa 1,500. Juu yake yakapangwa makombora mamia kadhaa, na juu ya makombora, maguruneti ya mkono karibu 3,000.

Usiku wa tarehe 11 Aprili, upepo ukivuma kuelekea kwa Wafaransa, aliipeleka mwenyewe, akiwa na luteni mmoja na mabaharia wanne. Utambi ulikuwa umepimwa uungue dakika 15, muda wa kutosha kupiga makasia na kwenda mbali. Waliuwasha, wakarukia mashua, wakaanza kupambana na upepo na mawimbi. Utambi ukaungua kwa nusu ya muda huo na kidogo tu zaidi. Meli ikapasuka wakiwa bado karibu, bahari ikainuka chini yao, na mvua ya mbao na vyuma ikapita juu ya vichwa vyao na kuanguka mbele yao, mahali ambapo wangekuwa wamefika kama utambi ungekuwa mwaminifu. Waliokolewa na hitilafu ya kifaa chao wenyewe.

Kulipopambazuka, karibu meli zote za Ufaransa zilikuwa zimekwama kwenye matope, zimelala ubavu. Cochrane akampelekea ishara juu ya ishara mkuu wake, Lord Gambier, aje amalize kazi. Gambier akasitasita. Meli nne kubwa ziliharibiwa, nyingine zikaponyoka maji yalipojaa. Cochrane, ambaye pia alikuwa mbunge, akatangaza kwamba atapinga Bunge kumpa Gambier shukrani. Mahakama ya kijeshi ikakaa Portsmouth, ikamsafisha Gambier, na Cochrane akawa mtu asiyependwa na wakubwa.

Wasimulizi wengi humaliza habari ya Aix kwa ugomvi huo na Gambier. Kwa mtu anayechambua ombi la majaribio, swali ni jingine: kifaa kilifanya nini hasa usiku ule? Meli za mlipuko zilipasukia karibu na kizuizi, si katikati ya adui. Manowari ya Kifaransa Indienne ilikuwa jirani na haikuzama. Kilichowaangamiza Wafaransa ni hofu. Baada ya ule mlipuko, kila mashua ya moto iliyotokea gizani waliiona kuwa nayo ni bomu, wakakata kamba za nanga na kuzifuata pepo mpaka matopeni. Hofu ni silaha nzuri, sikatai. Ila huwezi kuipimia mara ya pili kwa adui yule yule, na haisaidii kitu mbele ya ukuta wa mawe, kwa sababu ukuta haukati nanga. Kwa hiyo jaribio pekee la vita alilokuwa nalo mvumbuzi wetu lilithibitisha ushujaa wake kuliko lilivyothibitisha nguvu ya chombo.

Mwaka 1811 alipita Sicily, akaona tanuru za kibiriti. Moshi wake ulikausha mimea na kuwafukuza watu na mifugo. Hapa Kiswahili kina faida ndogo. Neno kibiriti kwetu ni njiti za kuwashia jiko, lakini wazee wa pwani bado wanakijua kibiriti upele, ule unga wa manjano wa kutibu ngozi. Baruti ya kale ni shura, makaa na kibiriti hicho hicho. Cochrane alichofanya, tukilisema kwa lugha ya nyumbani, ni kukitoa kibiriti ndani ya baruti na kukipa kazi yake peke yake.

Tarehe 2 Machi 1812 alimpelekea mtawala waraka. Huyo ni mwana wa mfalme, aliyeshika nafasi ya baba yake mgonjwa na baadaye akawa George IV. Waraka ulikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza, meli ya mlipuko iliyoboreshwa: gofu la meli kuukuu, sitaha zimeng'olewa, chini pamejazwa udongo wa mfinyanzi na vyuma chakavu, juu yake baruti, na juu ya baruti makombora. Meli ingelazwa upande kwa kuhamisha uzito, hata iwe kama mzinga mmoja mkubwa ulioelekezwa ngomeni. La pili, meli za kibiriti, za kuwafukuza kwa moshi wa sumu askari waliobaki kwenye ngome. Baadaye likaongezeka la tatu, la moshi wa kawaida wa kuficha meli zisionekane na wapiga mizinga.

Kamati iliundwa chini ya Duke wa York, ndugu wa mtawala. Walikuwamo maamiri Lord Keith na Lord Exmouth, na akina Congreve wawili, baba na mwana. Mwana ndiye yule wa maroketi. Hawakusema ni upuuzi. Walichoogopa ni nguvu yake, na kwamba siri ikitumika mara moja imekwisha kuwa siri: adui ataiokota na kuirudisha kwa taifa lenye bandari na meli nyingi kuliko yeyote.

Kwa maelezo yake mwenyewe, wakubwa wa majini walimpa nafasi ya kujaribu sehemu tu ya mpango, kwa kiasi kidogo, mbele ya Toulon, bandari ya Wafaransa. Akakataa. Sababu yake ilikuwa na mantiki: jaribio dogo lingemfunulia adui siri bila kuleta ushindi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hapo ndipo alipojifungia mlango, naye aliendelea kuusukuma kwa miaka 43 akidhani umefungwa na wengine.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya kupokea maombi ya wabunifu, katika taasisi ambayo sitaitaja. Siku moja aliingia mzee amebeba kiroba kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa gunia. Ndani yake, alisema, mna mashine ya kuvuta maji isiyotumia mafuta wala umeme. 

"Shikamoo mzee. Tunaomba tuione."

"Marahaba wanangu. Mkiiona mtaiiba."

"Sasa tutaandika nini kwenye fomu, mzee?"

"Andikeni kwamba inavuta maji."

Tulibishana naye kwa heshima mpaka saa ya chakula. Mwisho akabeba kiroba chake, akaondoka, nasi tukabaki na fomu yenye mstari mmoja. Mpaka leo sijui kama mle mlikuwa na mashine au vyuma vitupu. Na mkuu wangu wa kazi siku ile hakuwa mzuri hata kidogo: alimcheka kabla hajafika getini. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini ofisi haichoti maji, ofisi inataka kuuona mtungi.

Turudi kwa Cochrane. Mwaka 1814 aliingizwa kwenye kesi ya udanganyifu wa soko la hisa mjini London. Uongo kwamba Napoleon amekufa ulipandisha bei, na yeye akahukumiwa pamoja na waliotengeneza uongo huo. Alikana mpaka kufa. Akafungwa, akatozwa pauni 1,000, akafutwa jeshini, akafukuzwa Bungeni na kuvuliwa nishani ya Bath. Wapiga kura wa Westminster wakamrudisha Bungeni papo hapo. Faini aliilipa kwa noti moja, na nyuma ya noti hiyo akaandika kwamba afya yake imeharibika gerezani, hivyo anakubali kuibiwa ili asiuawe, kwa matumaini ya kuishi hadi awafikishe watesi wake kwenye haki. Benki Kuu ya Uingereza iliihifadhi noti hiyo. Mtu anayeandika malalamiko nyuma ya noti, fikiria barua zake kwa mawaziri zilikuwaje.

Akaenda kuongoza majeshi ya majini ya Chile, kisha Brazil, kisha Ugiriki. Huko kote alibaki na siri yake. Alikuwa amemwahidi mtawala, na hakuitumia hata pale alipoihitaji. Hilo linastahili heshima. Kuna tukio moja la Chile ambalo angeweza kulijifunza zaidi. Mwaka 1819 alikwenda kuwashambulia Wahispania katika bandari ya Callao kwa maroketi yaliyotengenezwa Valparaíso. Maroketi hayakwenda popote. Kumbe kazi ya kuyajaza walipewa wafungwa wa Kihispania ili kubana matumizi, nao wakachanganya baruti na mchanga, unga wa mbao na takataka kila walinzi walipogeuza macho. Wazo la roketi halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mikono iliyojaza. Mambo kama hayo hayaonekani katika waraka wowote, huonekana tu ukiwasha utambi.

William IV alimsamehe mwaka 1832 na kumrudisha jeshini kwa cheo cha amiri. Tayari alikuwa Earl, mzee wa miaka 56, na mikono haikutulia: alikuwa na hataza ya mwaka 1830 ya kuchimba mahandaki kwa hewa iliyoshindiliwa, alihangaika na injini za mvuke na lami ya Trinidad. Na bado alikuwa na ule waraka.

Mwaka 1846 Waziri wa Majini, Lord Auckland, akauundia kamati ya pili. Wajumbe walikuwa Sir Thomas Hastings, Sir John Burgoyne na Luteni Kanali Colquhoun. Ripoti ya tarehe 16 Januari 1847 ni mfano mzuri wa kazi ya kamati. Waliufungua ule mpango vipande vitatu, jambo ambalo mwenyewe hakuwahi kukubali kulifanya. Moshi wa kuficha meli, walisema, unafaa na uwekwe akiba. Vile viwili vingine havikubaliani na hisia na kanuni za vita vya watu waliostaarabika, na haviwezi kutumika bila kufunuliwa kwa wote. Vifungiwe.

Hoja ya ustaarabu inaweza kumchekesha msomaji anayejua jinsi mizinga ya wakati huo ilivyokuwa ikichana watu. Dundonald mwenyewe alijibu kwamba kinachomaliza vita haraka hakiwezi kuwa ukatili kuliko vita vinavyodumu miaka. Lakini haikuwa hoja ya kumzuia yeye tu. Miaka michache baadaye, vita vya Crimea vikiwa vimeanza, mwanakemia Lyon Playfair alipendekeza makombora yenye sumu, akajibiwa kwamba hilo ni sawa na kutia sumu visima vya adui.

Mimi kinachonisumbua katika ripoti ya 1847 ni jina la kwanza. Kwa zaidi ya miaka kumi Hastings aliongoza HMS Excellent, shule ya mizinga ya Portsmouth, ambako kazi ya kila siku ilikuwa kupiga, kupima na kuandika. Kama kulikuwa na Mwingereza aliyejua jinsi ya kulijaribu gofu la meli lililojaa baruti mbele ya kisiwa kitupu, ni yeye. Na kamati yake ikaamua kwa karatasi.

Labda walikuwa wamechoshwa. Ni wakati ule ule ambapo mtu aitwaye Samuel Alfred Warner alikuwa akiisumbua serikali na "kombora lisiloonekana", akidai mamia ya maelfu ya pauni kabla ya kusema lolote. Julai 1844 Warner aliivunja meli John o' Gaunt mbele ya Brighton, umati umejaa ufukweni. Ilipasuka na kuzama vizuri sana. Wenye shaka wakasema kilichoivunja huenda kilikuwa mle ndani tangu asubuhi, na Warner hakukubali mtu akague. Mvumbuzi huyu alionyesha kazi akaficha njia. Dundonald kinyume chake: kamati mbili aliziambia njia yote, hatua kwa hatua, ila kazi hazikuiona. Kwa ofisi, wote wawili walikuja na nusu.

Ndipo vita vikaja. Mapema mwaka 1854 jina la Dundonald lilitajwa kwa uongozi wa kikosi cha bahari ya Baltic. Waziri wa Majini, Sir James Graham, alimweleza Malkia Victoria kwamba mzee huyo bado ana nguvu na ujasiri ule ule, na hilo ndilo tatizo: anaweza kukitumbukiza kikosi kizima kwenye jambo la hatari lisilolingana na faida yake. Cheo akapewa Sir Charles Napier, ambaye alifika mbele ya Kronstadt, kituo cha majini cha Warusi, akazitazama ngome za mawe, akageuza.

Dundonald akaandika Julai 1854 kwamba Kronstadt ataishughulikia yeye. Graham akaunda kamati ya tatu, na safari hii maamiri wakafanya jambo la maana: wakamuuliza Michael Faraday. Kwa wakati huo hakukuwa na mwanasayansi wa kuaminika kuliko yeye nchini. Jibu lake halikumkejeli mzee wala kumpamba. Kwa nadharia, alisema, pendekezo ni sahihi; matokeo yake yote yanategemea mambo ya utendaji. Moshi ni mzito, ni kweli utatambaa juu ya maji. Lakini kiasi gani kitatosha, upepo utautawanya vipi, na nini kitamzuia adui kutafuta kinga ya pua na mdomo? Hakuna aliyejua.

Jibu hilo lilikuwa likiomba jaribio. Sijaona namna nyingine ya kulisoma. Kamati ililisoma kama sababu ya kukataa, na mzee akaliona kuwa ukuta mwingine wa ofisi. Angeweza kusema: nipeni gofu moja, kisiwa kisicho na watu, kondoo kumi na siku yenye upepo, na Faraday aje na daftari lake. Hakusema. Aliendelea kutaka vita vizima, yeye akiwa juu ya sitaha.

Nikiwa upande wake kwa dakika moja: alikuwa na miaka 78. Mtu wa umri huo akiambiwa tupime kwanza, husikia subiri ufe. Na ahadi aliyoitoa mwaka 1812 kwa mtu ambaye sasa alikuwa kaburini ilikuwa imekuwa sehemu ya heshima yake, hasa baada ya heshima nyingine kuvuliwa mahakamani. Siri ilimkumbusha kwamba aliwahi kuaminiwa. Ukiifungua ufukweni mbele ya makarani, inabaki nini?

Serikali ya Lord Aberdeen ilianguka Januari 1855 kwa aibu ya Crimea, Palmerston akaingia Februari, naye alikuwa na miaka 70, hawezi kumwona mtu mzee kwa sababu ya mvi tu. Dundonald akaleta tena mpango, sasa kwa Malakoff na Redan. Hapa tunapaswa kuwa wakweli: ile meli ya mlipuko ya 1812, gofu lililojaa baruti, ilikuwa imerudi nyuma kabisa. Malakoff ilikuwa nchi kavu, huwezi kuipelekea meli. Kilichobaki mbele ni kibiriti na moshi, vikingojea upepo mzuri. Kifaa kilichoanza kwenye mapipa 1,500 ya baruti kilikuwa kimebadilika kutwaa umbo la vita vilivyopo, huku mvumbuzi akiendelea kukiita mpango ule ule mmoja.

Ndipo ikaja ile barua ya tarehe 7 Agosti. Fanyeni mipango naye bila kuchelewa, Palmerston alimwambia Panmure, na kwa siri kadiri itakavyowezekana. Baada ya miaka 43 mzee alikuwa amepata alichokiomba, na katika masharti yale yale aliyoyataka mwenyewe: asimamie yeye, na asipimwe kwanza. Hakuona, au hakujali, kwamba masharti hayo yaliifaa serikali kuliko yeye. Kama angekubali kujitenga na kifaa, kushindwa kungekuwa kwa kifaa na fedha za wizara. Kwa kuwa hakukubali, kushindwa kulikuwa na jina moja tu la kuandikwa.

Tarehe 8 Septemba Wafaransa waliivamia Malakoff saa sita mchana na kuikamata. Waingereza walirudishwa nyuma pale Redan. Usiku huo Warusi wakauacha upande wa kusini wa Sevastopol. Mpango ulikuwa na umri wa mwezi mmoja tangu ukubaliwe, haukuwa umefika popote, na sasa haukuwa na ngome ya kuuelekeza.

Dundonald alikufa London tarehe 31 Oktoba 1860, baada ya kupasuliwa mawe ya figo, akazikwa Westminster Abbey. Bendera yake ya nishani ya Bath, iliyoshushwa kanisani humo mwaka 1814 na kutupwa nje kwa mateke, ilirudishwa mahali pake kabla tu ya mazishi kwa amri ya Malkia.

Karatasi zilibaki. Barua za Panmure zilipochapishwa mwaka 1908, maelezo ya mpango yalichapishwa pamoja nazo, na siri iliyolindwa na mtu mmoja katika nchi nne na gereza moja ikawa kitu cha kununua dukani. Vita vya 1914 vilipoanza, mjukuu wake, Earl wa 12, naye jenerali, aliubeba mpango kwenda kwa Lord Kitchener. Kitchener hakuuhitaji. Akaupeleka kwa Waziri wa Majini, Winston Churchill, aliyevutiwa na kipande kimoja: moshi wa kuficha meli. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani wakafungua mitungi ya klorini, gesi ya sumu, mbele ya Ypres, Ubelgiji. Upande wa Uingereza, Earl wa 12 na kamati yake walikuwa bado kwenye moshi, kipande kile ambacho Hastings na wenzake walikiwekea alama ya ndiyo mwaka 1847.